Mshale wa mita na sikio la fundi

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani na mtayarishaji wetu aishiye nchini Marekani.

Ninazungumza kutoka Reynoldsburg, katika jimbo la Ohio.

Reynoldsburg si mji unaotajwa mara nyingi katika taarifa za habari. Upo yapata kilomita 16 mashariki ya katikati ya jiji la Columbus, na barabara yake kuu ni kipande cha ile Barabara ya Taifa ya kale, ambayo leo hupewa nambari 40. Wenyeji hujivunia nyanya. Ni hapa ambapo mkulima na mfanyabiashara wa mbegu, Alexander Livingston, aliitoa mwaka 1870 nyanya iliyoitwa Paragon, na mpaka leo mji huwa na tamasha la tunda hilo. Lakini ukisimama siku hizi katika foleni ya duka la vyakula utasikia Kinepali, utasikia Kisomali, na ukitega sikio vizuri utasikia Kiswahili: cha Bukavu na Uvira, na kile cha vijana waliokulia katika kambi za Kakuma na Dadaab. Kiswahili hicho hicho nimekisikia Louisville, katika jimbo la Kentucky, na nimekisikia Buffalo, karibu na mpaka wa Kanada.

Katika miji yote hiyo mgeni hujifunza jambo moja mapema: bila gari, kazi ni shida. Mabasi yapo, lakini maghala yanayoajiri wageni yamejengwa pembezoni, na zamu za usiku humalizika saa ambazo basi limekwisha kulala. Basi mtu hununua gari analoliweza. Na gari analoliweza, mara nyingine, lina umri mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

Hapo ndipo linapoanzia swali la msikilizaji wetu mmoja wa Buffalo. Anauliza hivi: gari lake la zamani lina kabureta, ameiona kwa macho yake; lakini fundi amemwambia kwamba kompyuta ya kabureta imekufa. Je, kabureta inaweza kuwa na kompyuta? Au anaibiwa?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. La pili nitalijibu kwa kisa cha rafiki yangu, kwa sababu yeye aliambiwa maneno hayo hayo, na siku tuliyoyapima maneno hayo ilitufundisha sote wawili.

Kwanza nieleze mashine yenyewe. Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Mafuta yakizidi, fundi husema mchanganyiko ni mzito: plagi huwa nyeusi, moshi huwa mweusi, na fedha zako hutoka kwa bomba la nyuma. Hewa ikizidi, mchanganyiko ni mwepesi: injini hupata joto, hukohoa, huvuta kwa uvivu. Kwa miaka mingi mizani hiyo ilishikwa na skrubu mbili tatu na sikio la fundi, na hapakuwa na ubaya.

Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi. Kuanzia magari ya mwaka 1975, mengi yalifungwa chombo cha kusafisha moshi chini ya bodi. Kisha kikaja chombo bora zaidi, chenye kuondoa aina tatu za sumu kwa mpigo, lakini chombo hicho kina masharti: hakifanyi kazi vizuri mpaka mchanganyiko uwe karibu sana na uzito wa hewa 14.7 kwa uzito mmoja wa petroli. Hakuna sikio la binadamu linaloweza kushika mizani hiyo gari likiwa linapanda mlima, linateremka, linasimama kwenye taa. Dawa ya kudumu ilikuwa kuacha kabureta na kupuliza mafuta kwa shinikizo, kama yafanyavyo magari ya leo. Lakini viwanda havibadiliki kwa siku moja. Kwa muda wa miaka kumi hivi kikatumika kiumbe cha katikati: kabureta ya zamani iliyowekewa amri ya kompyuta.

General Motors iliuweka mpango huo katika karibu magari yake yote ya petroli yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1981. Makabureta yake yalitoka katika kitengo chake cha Rochester, mji ulio umbali wa kama kilomita 120 mashariki ya Buffalo. Kwa hiyo msikilizaji wetu wa Buffalo ajue kuwa kifaa kinachomsumbua kilizaliwa jirani. Maarufu zaidi miongoni mwao ni ile iitwayo Quadrajet, yenye matundu manne, iliyoanza kutumika mwaka 1965 bila kompyuta yoyote. Magari makubwa machache ya kampuni hiyo yaliendelea kuwa nayo, pamoja na kompyuta yake, hadi mwaka 1990.

Ndani ya kabureta hiyo mna solenoidi, yaani koili ya umeme yenye chuma katikati. Umeme ukipita, chuma huvutwa chini, nacho husukuma sindano mbili nyembamba ndani ya jeti za petroli, na mafuta hupungua. Umeme ukikatika, springi huinua sindano, na mafuta huongezeka. Kompyuta huwasha na kuzima umeme huo mara kumi kila sekunde. Ikitaka mchanganyiko mwepesi, huuacha umeme uwake muda mrefu zaidi katika kila pigo. Ikitaka mzito, huuacha muda mfupi. Nayo huamua vipi? Kwenye bomba la moshi kuna kihisi cha oksijeni. Kikipata joto la nyuzi 300 na zaidi za Selsiasi, huanza kupeleka habari: moshi una oksijeni nyingi, au hauna. Kompyuta husikia, hurekebisha, husikia tena. Ni mazungumzo yasiyokwisha maadamu injini imepata moto.

Sasa nije kwa rafiki yangu.

Yeye ni mtu wa Bukavu, amenizidi umri kwa miaka kumi hivi, nami humwita kaka. Alipofika Marekani alipelekwa kwanza Louisville, kisha akahamia huku kufuata kazi ya ghala. Kwao alikuwa fundi wa Peugeot 504 kwa miaka ishirini. Bukavu ipo juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Kabureta iliyotegwa pwani hutoa moshi mweusi ikifika kule. Ni jambo lile lile walijualo madereva wanaopanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, au kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Kaka alikuwa akiyasikia mambo hayo kwa sikio, bisibisi mkononi, na watu walimletea magari kutoka mbali. Hapa Ohio hakuna aliyewahi kumwuliza kuhusu ustadi huo. Anapanga maboksi.

Gari lake ni Oldsmobile Delta 88 ya mwaka 1985, silinda nane, lita tano, refu kama jahazi. Huwabeba yeye na wenzake wawili kwenda zamu ya usiku, nao huchangia petroli. Majira ya baridi yaliyopita mchango huo ulianza kuwa mzito. Gari lilikunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi, likatoa moshi mweusi, na makoti yao watatu yakanuka petroli hata ndani ya ghala. Taa ya injini ikawaka. Gereji moja ikalitazama kwa dakika chache na kutoa hukumu: kompyuta imekufa. Bei waliyoitaja ilizidi nusu ya fedha alizolinunulia gari. Wakamshauri, kwa upole, aliuze kama chuma chakavu.

Alinipigia simu Ijumaa usiku. Hakuomba fedha. Aliniambia, "Mdogo wangu, wewe unasoma Kiingereza vizuri. Nitafutie kitabu cha gari hili unisomee. Mikono ninayo."

Nilikuwa nacho kitabu kutoka maktaba ya mji. Nilikuwa na mita pia: mita ya dweli, kile kipimo cha zamani chenye mshale ambacho mafundi walitumia kujua kontakti za distributa zinakaa zimefungwa kwa nyuzi ngapi. Niliipata kwenye mnada wa uani, bei ya kikombe cha kahawa, na sikujua kama ingenifaa kitu. Kumbe wahandisi wa General Motors walipopanga namna ya kuipima solenoidi walitumia chombo ambacho kila gereji ya wakati huo ilikuwa nacho tayari. Mita hiyo haijali kama inapima kontakti au solenoidi. Hupima sehemu ya muda ambao umeme unapita.

Jumamosi saa tatu asubuhi nikafika. Nje theluji, na gari limo ndani ya banda lililoungana na nyumba, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Kaka alikuwa ameshika ufunguo. Jambo la kwanza tulilolifanya, kabla ya kitabu na kabla ya mita, lilikuwa kulisukuma gari nje. Nawasihi wasikilizaji wa nchi za baridi walisikie hili: injini yenye mchanganyiko mzito hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, huua watu hapa kila msimu wa baridi, na kufungua mlango wa banda nusu si kinga. Pimeni nje, mtetemeke.

Kaka akafungua boneti, akaliwasha, akainamisha kichwa. Hakuchukua nusu dakika. "Mzito," akasema. Akanyosha mkono kutafuta skrubu ya kurekebishia sailensa, yaani ule mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Hakuipata. Akapapasa tena, akachukua tochi. Nikamsomea: katika makabureta haya skrubu hizo zimezibwa kiwandani kwa vizibo vya chuma, mtu asizichezee. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuwa mlango wa nyumba yake umejengewa ukuta. Akataka kuleta drili. Nikamwomba tumalize kwanza ukurasa.

Kitabu kinaanza na taa. Chini ya dashibodi kuna plagi ya waya yenye matundu kumi na mawili. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, na kuunganisha kwa kipande cha waya matundu mawili yaliyoandikwa A na B, taa ya injini hukonyeza. Ikikonyeza mara moja, ikapumzika, kisha mara mbili, hiyo ni 12, nayo maana yake ni kwamba kompyuta ina uwezo wa kujichunguza na kusema. Ilisema. Hukumu ya kuwa imekufa ikaanza kutia shaka, maana maiti hakonyezi. Baada ya 12 ikaja 45, ambayo kitabu kinaieleza: kihisi kinaripoti moshi mzito.

Katika hali hiyo hiyo, swichi imewashwa na waya umeunganishwa, kompyuta huipigia solenoidi mapigo ya kati na kati. Ukitega sikio juu ya kabureta unapaswa kuisikia ikigonga, tik-tik-tik, haraka kama cherehani. Kaka aliisikia kabla yangu. Iwapo hamsikii kitu, ondoeni plagi ya solenoidi na mpime koili kwa mita ya omu: ikiwa chini ya omu 10, koili imeungua ndani na inaweza kuiumiza kompyuta, ibadilisheni. Yetu ilikuwa juu ya hapo. Tukatoa kile kipande cha waya chini ya dashibodi.

Tukafika kwenye mita. Karibu na kabureta huning'inia plagi ndogo ya kijani, haikuunganishwa na chochote, na watu wengi hudhani ni waya uliosahauliwa. Ndiyo mahali pa kupimia. Waya mmoja wa mita huchomekwa hapo, wa pili kwenye bodi. Plagi hiyo isiachwe kugusa chuma. Na hapa nina onyo: swichi ya mita lazima iwekwe kwenye silinda sita, hata kama injini ina nane au nne. Duara la nyuzi 360 likigawanywa kwa sita ni 60, na kitabu chote kimeandikwa kwa kipimo hicho cha sifuri hadi 60. Mtu anayeweka nane kwa sababu ana silinda nane atasoma uongo siku nzima. Aidha, iwapo mngurumo wa injini utabadilika pale tu unapoichomeka mita, mita hiyo inakula umeme mwingi na haifai. Mwenye mita ya kisasa inayoonyesha asilimia anaweza kuitumia: nyuzi 30 ni sawa na asilimia 50.

Tukaliwasha, tukaliacha lipate moto barabara, tukalikanyaga kidogo kwa dakika moja mbili, kwa kuwa kihisi kikipoa kompyuta huacha kukisikiliza. Katika gari zima mshale wa mita huchezacheza, kati ya nyuzi 10 na 50, huku na huku bila kutulia. Huko kucheza ndiko afya. Mshale wetu ulipanda hadi 54 ukakaa hapo kama umepigwa msumari.

Hapo nikafanya kosa ambalo naliungama hewani. Nilikuwa nimekwisha soma kuwa nyuzi nyingi ni mchanganyiko mwepesi na nyuzi chache ni mzito. Nikamwambia kaka, kwa sauti ya mtu mwenye kitabu, kuwa sikio lake limekosea: mita inasema mwepesi. Hakunijibu. Alikwenda nyuma ya gari, akapitisha kidole ndani ya bomba la moshi, akarudi akanionyesha masizi meusi, laini kama wanja. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi mwenye shahada sikuwa nimejiuliza: "Hiyo mita umeichomeka kwenye moshi, au kwenye waya wa kompyuta?"

Kwenye waya wa kompyuta, kaka.

"Basi hiyo si hali ya gari. Hiyo ni amri."

Wasikilizaji, hapo ndipo ilipo roho ya kipimo hiki, na hapo ndipo watu wengi hupotea, hata wale wanaolipwa. Mshale hauonyeshi mchanganyiko. Unaonyesha kile kompyuta inachokiamuru. Ukikwama juu, zaidi ya 50, kompyuta inapiga kelele "punguza mafuta!", na haiwezi kupiga kelele hiyo isipokuwa kihisi kinaiambia kuwa mafuta yamezidi. Ukikwama chini, pungufu ya 10, inaomba mafuta yaongezwe: tafuteni mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi inayoingiza hewa, ekzosi iliyotoboka kabla ya kihisi, au kihisi chenyewe kilichochoka. Ukisimama tuli mahali fulani katikati, kompyuta haimsikilizi mtu: kihisi ni baridi, waya wake umekatika, au kihisi cha joto la maji kinaidanganya kuwa injini bado haijapata moto. Kwa gari la kaka, kompyuta ilikuwa macho, kihisi kilikuwa kikisema kweli, na amri ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Sikio na mshale vilikuwa vimesema neno moja kwa lugha mbili, na aliyekosea ni mkalimani.

Likabaki swali: je, kabureta inaisikia amri hiyo? Tukachomoa plagi ya solenoidi injini ikiunguruma. Bila umeme, sindano hupanda juu kabisa. Injini ikazidi kusongwa na moshi ukawa mweusi kama wa tanuri la chokaa. Tukairudisha, ikapata nafuu. Kwa hiyo solenoidi ilitii. Kitabu kina kipimo kikali zaidi, cha kuishika injini kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika na kuilazimisha solenoidi ikae chini muda wote, uone mizunguko inashuka kwa kiasi gani. Idadi inayotakiwa imeandikwa kwa kila gari na sitaitaja hapa. Sisi hatukuuhitaji, maana kaka alikuwa amekwisha kubuni wake.

Alichomoa mpira mmoja mnene wa vakyumu, akauziba kwa kidole gumba, kisha akawa anakiachia kidole kidogo kidogo. Hewa ya ziada ikaingia. Nikaambiwa nisitoe jicho kwenye mita. Injini ikaanza kulainika, moshi ukafifia, na mshale, ambao ulikuwa umekwama tangu tuanze, ukatikisika. 54, 48, 41. Ukaanza kucheza. Kaka alikuwa amesimama kwenye theluji, kidole kwenye mpira, anacheka kama kijana. Kwa kumpa mgonjwa hewa kidogo alikuwa ameirudisha kompyuta katika eneo inaloweza kulitawala. Baadaye niliona kuwa kitabu nacho kina jaribio la jamaa hiyo, kurasa mbili mbele. Hakuwa amekisoma, mimi nilikuwa sijafika.

Kwa hiyo kompyuta nzima, waya mzima, kihisi kizima, solenoidi nzima. Mafuta yaliyozidi yalikuwa yakitoka mahali ambapo solenoidi haina mamlaka. Kaka akakata shauri: bakuli la kabureta. Ndani yake kuna boya, kama lile la tangi la maji chooni: mafuta yakipanda, boya hupanda na kufunga mlango. Boya la Quadrajet si la shaba tupu ndani. Ni la plastiki yenye povu, na kwa miaka mingi povu hilo huweza kunywa petroli. Boya lililokunywa huwa zito, huzama, na mlango hufungwa kwa kuchelewa. Kimo cha petroli hupanda, na hapo hata sindano zishuke vipi, mafuta yatapita.

Tuliifungua kabureta siku ya pili juu ya meza, madirisha wazi, jiko limezimwa. Boya jipya lililonunuliwa pamoja na gasketi lililinganishwa na la zamani juu ya mizani ya jikoni ya mke wa kaka, ambaye hakufurahi. La zamani lilikuwa zito zaidi, wazi kabisa, na ukilibana lilitoa harufu. Kaka alilitega jipya kwa rula kufuata kimo nilichomsomea, safari hii nikimsomea mara mbili, na akakagua mlango wake na kichujio cha petroli. Vizibo vya skrubu hatukuvigusa. Drili ilibaki sandukuni.

Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya ile bei ya kompyuta. Silitaji jina la gereji ile, na pengine mtu wao hakukusudia kudanganya. Magari haya yamepungua, na vijana wengi wa gereji hawajawahi kuishika mita ya dweli. Lakini msikilizaji wetu wa Buffalo anaweza kumwomba fundi wake mambo matatu kabla ya kutoa pochi: anionyeshe taa ikikonyeza 12, anionyeshe mshale gari likiwa na moto, na anionyeshe mshale huo ukifanya nini hewa ikiongezwa au ikipunguzwa. Choki ikizibwa kidogo kwa mkono juu ya kabureta, mchanganyiko huwa mzito na nyuzi zinapaswa kupanda. Hewa ikiingizwa, zinapaswa kushuka. Kompyuta inayojibu namna hiyo haijafa. Na isipojibu, bado haijathibitika kuwa ni yenyewe, mpaka waya na kihisi vipimwe kwanza.

Jambo moja la kiserikali, kwa kuwa nimeulizwa pia. Kanuni za kupima moshi hutofautiana kwa majimbo, na ndani ya jimbo moja kwa wilaya. Hapa Ohio vipimo hivyo vipo upande wa Cleveland na Akron, wala si Columbus na Reynoldsburg. Louisville iliacha vipimo vyake mwaka 2003. New York ina ukaguzi wa kila mwaka jimbo zima, ingawa magari yaliyozidi miaka 25 husamehewa upande wa moshi. Breki na taa hayasamehewi. Msamaha huo usiwe sababu ya kung'oa kile chombo cha kusafisha moshi, kama baadhi wanavyofanya. Kukichezea ni kosa kwa sheria, na masizi yale niliyoonyeshwa kwenye kidole huwa yanaingia kwenye vifua vya watoto wanaosubiri basi la shule.

Jumapili jioni tuliliwasha. Tuliacha mita imechomekwa, boneti wazi, kaka amesimama upande mmoja nami upande wa pili. Lilipopata moto mshale ukaondoka mahali pake ukaanza kwenda na kurudi, 28, 35, 31, 24. Nilitaka kumsomea tarakimu hizo. Akaniashiria ninyamaze. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Kisha akafunga boneti, akafuta mikono, akaingia ndani kubadilisha nguo. Zamu yake ilikuwa saa nne usiku, na wenzake wawili walikuwa wakingoja pembeni ya barabara nambari 40.